Kiputo cha Mwizi

Josepha alikuwa amefika kwa Bibi Umeme, na Bibi Umeme alikuwa ananing'inia kwenye nguzo akinyonya umeme wa mtaa mzima, wakati Bakili alipomtupia mezani kijitabu kingine cha katuni.

"Hiki ndicho chenyewe," Bakili alisema. "Kamanda Zege, toleo jipya. Kimetoka jana, na leo ukikitafuta Msimbazi nzima hukipati. Kiweke juu, hao wengine wafuate chini."

"Ngoja nimmalize huyu."

"Huyo mgao utammaliza wenyewe. Fanya haraka dada Jose, mitambo hainisubiri."

Bakili alikuwa mhariri wa Jicho la Mtaa, gazeti la kurasa nane lililotoka kila Ijumaa kutoka chumba kimoja cha ghorofani, juu ya duka la mashuka. Ilikuwa miaka ile ambayo ruhusa za magazeti binafsi zilianza kutoka, na kila mwenye mashine ya chapa na binamu anayejua kuandika alikuwa na gazeti lake. Nyuma ya magazeti vikaja vijitabu vya katuni, na katika katuni wakaja mashujaa. Watu waliokunywa moshi wa viwandani wakapata nguvu. Watu waliopigwa na radi wakaamka wanaruka. Kila wiki kifurushi kilifika ofisini kimefungwa kamba ya katani, na kila wiki Josepha alikifungua, akasoma, akaandika safu fupi kuwaambia wasomaji kipi ni kipi.

Hakuwa ameiomba kazi hiyo. Zamani alikuwa msahihishaji katika kampuni ya umma ya uchapaji, akipitia vitabu vya shule, mpaka kampuni ilipouzwa na yeye na wenzake wakapewa barua za kushukuriwa. Bakili alimchukua kusahihisha prufu, kurasa za gazeti kabla hazijachapwa. Safu ya katuni ilimwangukia kwa sababu hakuna mwanamume pale ofisini aliyekubali kuonekana anasoma vitabu vya watoto. Akajikuta anaipenda. Aliwasoma mashujaa jinsi alivyosoma prufu, penseli mkononi, na aliona mengi ambayo wachoraji walidhani wameyaficha. Aliona pale mchoraji alipochoka kuchora vidole, shujaa akatiwa mikono mfukoni katikati ya vita. Aliona pale karatasi ilipopanda bei na hadithi ikaisha ghafla kwa mlipuko.

Wiki hiyo hapakuwa na la kushangaza. Sindano, fundi cherehani anayerusha sindano kwa macho, alikuwa amewachoma majambazi watatu na hajamshonea mtu hata kifungo. "Fundi huyu ataishi kwa nini?" aliandika. Mtoto wa Kimondo aliruka vizuri ila hakujua anakwenda wapi. Bibi Umeme, Josepha alimpenda, lakini aliandika kwamba mtu anayewaacha majirani gizani ili yeye awake ajitafutie jina jingine, si shujaa.

Kisha akamchukua Kamanda Zege.

Kamanda Zege alikuwa kibarua wa ujenzi aliyeanguka ndani ya zege bichi na kuibuka mgumu. Kariakoo nzima ilimwelewa. Nyumba za udongo zenye baraza zilikuwa zinabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa, na vumbi la saruji lilikaa juu ya nyanya sokoni na ndani ya chai. Katika toleo hili alikuwa anamsaka mwizi mchawi, mwenye meno ya ngiri na kucha za tai, anayeiba mikoba ya akina mama kwa kutamka maneno ya kiganga. Michoro ilikuwa mizuri, Josepha alikiri. Mchoraji huyu hakukimbia vidole.

Picha ya katikati ilichukua kurasa mbili nzima. Mwizi alikuwa chini. Umati umemzunguka na mawe, na nondo, na vipande vya mbao, na mmoja ameshika tairi. Kamanda amekunja mikono, anatazama. Kutoka kinywani mwa mwizi kilitoka kiputo kikubwa cha maneno, chenye kingo za radi, na ndani yake ule uganga, mistari minne ya herufi kubwa zilizobanana bila nafasi.

Josepha alitaka kupita. Uganga wa kwenye katuni hausahihishwi. Lakini jicho lilishika herufi sita katika mstari wa kwanza, likagoma kuondoka. YOSEFA.

Akairudia ile mistari kwa midomo, taratibu, akiisikiliza badala ya kuiangalia. Akaanza kutia vijistari vya penseli, kama anavyofanya kwenye prufu maneno yanapogandana. Kimoja hapa. Kingine pale. Maneno yakaachana, yakasimama kila moja peke yake, na yote yalikuwa Kimakua, Kimakua cha kwao Masasi, kimeandikwa na mtu asiyekijua.

*Yosefa anakaa hapa hapa. Mwiteni Yosefa. Msinipige usoni, hatanijua.*

Mjini aliitwa Josepha, au dada Jose. Watu wawili tu duniani walimwita Yosefa: mama yake, na Gaudens.

Gaudens alikuwa mdogo wake. Alikuja Dar es Salaam mwaka juzi, akauza mikanda na saa za mkononi, bidhaa yote ameitundika mwilini, akitembea kutwa na kucheka na wateja. Asubuhi moja alitoka, hakurudi. Josepha alimpata mochwari. Uso haukuwapo wa kumtazama mtu akasema huyu ni fulani. Alimjua kwa mguu, kwa kidole gumba kilichokatwa na jembe akiwa mdogo. "Huyu ni wa wananchi wenye hasira kali," mhudumu alimwambia, kwa sauti ile ile ambayo angesema huyu ni wa wadi namba fulani. Na maneno hayo Josepha alikuwa ameshayasoma. Yalikuwa ndani ya Jicho la Mtaa la wiki hiyo, habari ndogo chini ya ukurasa wa tatu, kibaka auawa Kariakoo. Ilikuwa imepita mezani kwake. Alikuwa ameiongezea koma.

Alimwandikia mama yake kwamba ilikuwa malaria imepanda kichwani. Ofisini alisema hivyo hivyo.

"Vipi?" Bakili aliuliza kutoka mezani kwake. "Kikali, siyo?"

"Nani anakichora?"

"Kijana mmoja Mpare, Anaeli. Yuko Mtaa wa Sikukuu, anaandika mabango. Kwani vipi?"

Josepha alikuwa ameshasimama.

Kwenye uchochoro nyuma ya soko watoto walikuwa wanacheza. Mmoja amevaa mfuko wa saruji uliotobolewa tundu za mikono, huyo Kamanda. Mwingine amelala chini, anakunja vidole kama kucha, anapayuka kwa sauti nzito: "Yosefaaa! Yosefaaa!" na yaliyofuata yalikuwa makelele tu, yamevunjika vunjika. Wenzake walikimbia huku wanacheka. Josepha alishika ukuta. Mwanamke aliyekuwa anamenya viazi mlangoni alimtazama.

"Unaumwa, dada?"

"Hapana. Jua tu."

Anaeli alikuwa chini ya ngazi za jengo moja, amepiga magoti mbele ya bango la kinyozi. Kijana mwembamba, rangi imemfika viwikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mimi natoka Jicho la Mtaa. Ninaandika habari za katuni."

Uso wa kijana ukachanua. Akafuta kigoda kwa fulana yake mwenyewe. "Karibu sana, karibu ukae. Umekiona kipya?"

Josepha hakukaa. Alifungua kile kijitabu katikati na kuweka kidole juu ya kiputo. "Haya maneno umeyatoa wapi?"

Tabasamu la Anaeli lilibaki kidogo, kama limesahauliwa usoni. "Ni ya uganga tu, dada. Ya kutunga."

"Hukuyatunga."

Kijana aliangalia brashi yake. Barabarani kuli alikuwa anapiga mluzi apishwe yeye na mkokoteni wake.

"Niliyasikia," alisema hatimaye. "Mwaka juzi. Nilikuwa juu ya ngazi, naandika bango la duka la kanga pale Msimbazi. Chini wakaanza kupiga mtu. Alikuwa anasema kwanza kwa Kiswahili, jamani, jamani. Halafu Kiswahili kikamtoka, akawa anasema haya. Tena na tena, dada. Mimi nikajua anatulaani. Watu wote wakajua hivyo. Kuna aliyesema huyu mchawi, mmalizeni upesi."

"Aliiba nini?"

"Sijui."

"Ulikuwa juu. Hukuona?"

"Niliangalia kote. Sikuona aliyeibiwa. Nilisikia tu mwizi, kila mtu anasema mwizi, basi." Akalitazama bango la kinyozi. "Sikushuka. Nilikuwa nimeshika kopo la rangi, nikabaki nimelishika mpaka yakaisha. Tangu siku hiyo yale maneno yamekaa masikioni. Nikasema nikiyaandika mahali yataniacha."

"Yamekuacha?"

"Yataniachaje, na sasa watoto wa mtaa mzima wanayasema?"

Josepha alimwambia maana yake. Alimtafsiria polepole, kwa sauti ya darasani, neno baada ya neno, akifuata vijistari vyake vya penseli. Alipofika kwenye neno la uso alikibonyeza kidole kwenye karatasi, akamalizia. Kisha akasema, "Yosefa ni mimi."

Anaeli alichovya brashi yenye rangi nyeusi ndani ya kopo la rangi nyeupe. Hakuona. Aliikoroga tu, akaendelea kukoroga.

"Nionyeshe ni wapi," Josepha alisema.

"Siwezi kwenda pale, dada. Napita mbali." Akaelekeza kwa kidevu. "Bango la kanga, la herufi nyekundu. Herufi ni zangu, utazijua. Chini yake hapo hapo."

Hakwenda siku hiyo. Miguu ilimrudisha ofisini yenyewe, akakaa, akaandika. Kuhusu Sindano na Bibi Umeme na Mtoto wa Kimondo aliyaacha maneno yake kama yalivyokuwa. Kuhusu Kamanda Zege aliandika hivi:

"Katika picha ya katikati mwizi anatamka maneno ambayo wasomaji wameyadhania kuwa uganga. Si uganga. Ni Kimakua. Anaomba aitwe dada yake, na anaomba asipigwe usoni ili dada yake apate kumtambua. Mchoraji hakuyabuni, aliyasikia Msimbazi mwaka juzi, mtu akiuawa. Mtu huyo aliitwa Gaudens, alikuwa anauza mikanda. Dada yake ndiye anayeandika safu hii. Kamanda Zege ana nguvu za kuinua lori. Katika kurasa hizi mbili hakuinua hata mkono."

Bakili alisoma amesimama. Akasoma tena ameketi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ulisema malaria."

"Nilisema."

"Pole, dada Jose. Wallahi sikujua." Na ilikuwa kweli anasikitika, Josepha aliliona hilo. "Lakini hii nitaitoaje? Kijitabu mchapishaji wake ni Nirav. Ukurasa wangu wa mwisho ni tangazo la duka la Nirav. Na wewe mwenyewe, umefikiria? Utapita vipi hapo nje? Watu watasema yule ndiye dada wa mwizi."

"Waseme, nami nipo."

"Niachie," Bakili alisema. "Niachie niitazame vizuri."

Ijumaa Josepha alikuta gazeti limeshafika, limefungwa marobota mlangoni, linanuka wino. Alichomoa moja, akalifungua pale pale ngazini. Sindano alikuwapo. Bibi Umeme alikuwapo, na kosa moja la chapa. Juu yao, kwa herufi nene, chini ya jina la Josepha mwenyewe, palikuwa na mstari mmoja: *Kamanda Zege hana mpinzani wiki hii. Maneno ya yule mwizi yatakuacha hoi!*

Juu ghorofani alisikia Bakili akikohoa, na kiti kikivutwa, kama cha mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Josepha aliliweka gazeti juu ya robota, akalinyoosha mkunjo, akateremka.

Alipita sokoni, katikati ya magunia ya dagaa na wapiga debe wa mitumba. Alilijua bango kabla hajalisoma. Herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, zimesimama vizuri, ila ya mwisho ilikuwa imeteleza kidogo, imeshuka chini ya mstari. Chini ya bango, kwenye lami iliyopasuka, kijana mmoja alikuwa ametandika nailoni na kupanga ndala za rangi mbalimbali, jozi kwa jozi. Watu walikuwa wanaziruka. Mama mmoja alikuwa anabishania bei ya kanga mlangoni. Hapakuwa na kitu chochote cha kuonyesha kwamba mtu alifia hapo.

Josepha alisimama hapo mpaka watu wakaanza kumsukuma.

"Mama, unapendezwa na ipi?" kijana aliuliza.

Josepha aliinama kutafuta pa kukaa. Kijana alimtazama, kisha akasogeza ndala zake za mwisho upande, akavuta kipande cha boksi alichokuwa anakalia mwenyewe, akakiweka kwenye nafasi iliyobaki.

"Kaa hapa, usichafue gauni."

Josepha akakaa. Kutoka chini aliona magoti na mifuko na pindo za mabuibui, na juu kabisa kipande cha mbingu na mahali ambapo ngazi ingeweza kuegemezwa. Lami ilikuwa na joto, ilipenya kwenye boksi. Akaweka kiganja juu ya lami. Akasema kwa Kimakua, kwa sauti ndogo, kwamba ni Yosefa, amekuja.

Kijana aliinamisha kichwa asikie vizuri, katikati ya kelele zote zile.

"Bei inapungua, mama," alisema. "Wewe sema tu." Na akachukua ndala moja ya bluu, akaigeuza, akamwonyesha soli.