Reli ya Kupandishia

Baiskeli yangu ilikuwa tayari juu ya kibebeo, nyuma ya gari, imefungwa mikanda yote mitatu. Ya Harm ilikuwa imelala kwenye kokoto na gurudumu lake la mbele bado linazunguka. Nilitoka jikoni na chupa ya kahawa mkononi. Nililiona gurudumu kwanza, kisha nikamwona yeye, ameketi chini, ameegemea bampa kama mtu anayepumzika kidogo. Nikamwambia, "Harm, inuka bwana, utachafua suruali." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mume niliyeishi naye miaka thelathini na minne, na sidhani kama aliyasikia.

Watu walinipa pole kwa huzuni niliyokuwa nayo. Niliwashukuru. Sikumwambia yeyote kwamba kilichokuwa kifuani mwangu si huzuni. Ilikuwa hasira, na ilikuwa na jina la mtu.

Jina hilo ni Roelof, kaka yake Harm. Kila mwaka, wiki ya Sikukuu ya Kupaa, tulikwenda sisi wanne, mimi na Harm, Roelof na mkewe Hillie, kutoka hapa kwetu Drenthe mpaka Ujerumani, kwenye bonde la Mosel. Tulibeba baiskeli zetu za umeme nyuma ya magari. Baiskeli ya umeme si manyoya; yangu ina kilo ishirini na saba. Ukichomoa betri unapunguza kilo tatu, lakini Roelof alisema kuchomoa betri ni mambo ya mabibi vizee, kwa hiyo Harm naye hakuchomoa. Alizinyanyua zilivyo, moja baada ya nyingine, huku kaka yake akiwa ameegemea gari lake upande wa pili wa barabara, anatazama saa.

Wiki mbili baada ya mazishi Roelof alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, kile kibebeo hutakitumia tena, au vipi?"

"Kichukue."

"Si kwamba nakimbilia vitu vya marehemu. Changu kimekatika bawaba."

"Roelof, nimesema kichukue."

Akakichukua. Alilifungua kutoka nyuma ya kibebeo bamba jeupe lenye namba za gari letu, akalifuta vizuri kwa kitambaa, akaliacha kwenye dirisha la jikoni. Mwaka mzima nimekuwa nikiosha vyombo mbele ya bamba lile. Angeliacha na tope lake ningemchukia kidogo zaidi, na ingenisaidia.

Mwezi wa nne mwaka huu Hillie akapiga simu.

"Lammie, tumeshapanga. Unakwenda na sisi. Kile kibebeo kina nafasi tatu, baiskeli yako itakaa katikati."

Nyuma yake nilimsikia Roelof akipaza sauti, "Mwambie asihangaike na kitu! Nitaipakia mwenyewe!"

"Nitakuja na gari langu," nikasema.

"Na baiskeli?"

"Na baiskeli."

"Utaipandishaje, mwenzangu?"

"Hilo niachie."

Nilikata simu. Wameshapanga. Nipande kiti cha nyuma kama mzigo, na baiskeli yangu ipande kibebeo cha mume wangu, inyanyuliwe na mtu aliyesimama akitazama saa. Siku ile kwenye duka la mikate ninakofanya kazi nilikanda unga kwa nguvu hata bosi akaniuliza unga umenikosea nini.

Jumamosi nilikwenda Assen, kwenye duka la baiskeli la Bwana Egbert. Ni mtu wa makamo, miwani yake huning'inia kifuani kwa kamba na huivaa tu anapotaka kukuambia hapana.

"Nataka kibebeo," nikasema.

"Cha juu ya paa?"

"Nitazame, Bwana Egbert. Naweza kunyanyua kilo ishirini na saba mpaka juu ya paa?"

Akanitazama, akavaa miwani. "Hapana. Na kile cha kufunga kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma nacho usikiguse. Ni cha baiskeli nyepesi. Ya umeme itakukunja mlango. Gari lako lina kile kichwa cha chuma cha kuvutia tela?"

"Kinacho."

"Kinaruhusiwa kubeba kilo ngapi?"

"Sabini na tano." Nilikuwa nimesoma kitabu cha gari usiku uliotangulia, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue.

"Vizuri. Toa uzito wa kibebeo chenyewe, kilo kumi na saba, bado unabaki na nafasi ya baiskeli mbili. Ni baiskeli ngapi?"

"Moja."

Alitoa kibebeo kilichokunjwa, kidogo kama sanduku la safari, akaniita nje kwenye gari langu. "Mimi sigusi," akasema. "Ukienda huko barabarani sitakuwepo."

Nilikiweka juu ya kile kichwa cha chuma, nikakandamiza wenzo. Ukaniponyoka, ukanibana kidole.

"Rudia."

Nikarudia. Mara ya tatu ukaingia kwa mlio mmoja, na alama nyekundu pembeni ikageuka kijani. Kazi yote ilikuwa hiyo. Miaka yote Harm alikuwa akinifukuza hapo nyuma ya gari, "Acha, Lammie, utajiumiza," nami nikarudi jikoni nikiamini kwamba kuna siri kubwa. Nilisimama pale nikinyonya kidole na hasira yangu ikapata mtu wa pili. Ungenionyesha, Harm. Tungenyanyua wawili.

"Bado kitu kimoja," akasema Bwana Egbert. Alirudi ndani, akaja na reli nyembamba ya alumini, imekunjwa mara mbili. Akaikunjua, akatia ndoano yake kwenye ukingo wa kibebeo, ncha ya pili ikagusa lami. "Hii ya kupandishia. Hunyanyui. Unaweka magurudumu humu, unabonyeza kitufe cha kuitembeza, baiskeli inapanda yenyewe. Wewe unaishika tu isianguke."

Niliishika. Ilikuwa nyepesi kuliko trei tupu ya mikate. Nilijua uzito wake kabla sijaugusa, kwa sababu nilikuwa nimeishika siku nyingine, dukani mle mle.

"Nakukumbuka," akasema Bwana Egbert, kwa upole. "Mwaka jana, masika. Mlikuja watatu. Mlicheka sana siku ile."

Mwaka mzima nilikuwa nimeisimulia siku ile kichwani mwangu, na kila mara niliisimulia vibaya. Daktari alikuwa amemkataza Harm kunyanyua vitu vizito. Alimkataza mbele yangu. Harm akaniomba nisimwambie kaka yake, tukaja hapa kununua reli, Roelof akatufuata kwa kuwa alikuwa na shida ya breki. Harm aliichukua reli kutoka ukutani akaipima mkononi, na Roelof akasema kwa sauti ya duka zima, "Ehe! Mwakani mmuuzie na kiti cha magurudumu, na kengele yake!" Harm akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaitundika reli mahali pake.

Hapo ndipo nilipokuwa nikiikata hadithi. Roelof alisema, Harm akatundika. Lakini katikati ya maneno ya Roelof na mkono wa Harm kuna kitu kingine. Harm alinitazama. Alinitazama mimi, aliyekuwa anajua, akangoja. Nami nilicheka.

Sikucheka kwa ubaya. Kengele ilinichekesha. Lakini nilicheka, naye akaitundika.

"Mama, u mzima?" akauliza Bwana Egbert.

"Nifungie," nikasema. "Na reli pia."

Jumanne ya wiki ya Sikukuu ya Kupaa niliamka mapema. Nikakandamiza wenzo mpaka kijani, nikakaza bamba jeupe, lile la dirishani, nikaipandisha baiskeli kwenye reli. Ilipanda ikinguruma taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Nikachomoa betri nikaiweka kiti cha nyuma, nikafunga mikanda, nikaitikisa. Haikucheza. Harm angesema kitu hapo, na mimi ningemjibu kwa ukali.

Nilipofika kwa Roelof saa mbili, Hillie alikuwa akipanga vikombe vya kahawa na mkate wa zabibu juu ya meza ya nje. Kibebeo cha Harm kilikuwa nyuma ya gari lao. Baiskeli ya Hillie ilikuwa juu tayari. Roelof, miaka sitini na tisa, alikuwa ameinamia ya kwake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya kiti, betri imo, shingo imemvimba.

"Iweke chini," nikasema.

"Aa, shemeji! Umefika! Ona gari limekaa kama la kijana. Ngoja nimalize huyu ng'ombe—"

"Roelof, iweke chini!"

Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Hillie alimwaga kahawa. Jirani aliyekuwa akikata majani alizima mashine.

Aliiweka chini. "Kuna nini?"

Niliifungua reli yangu nikaenda nayo mpaka kwenye kibebeo cha mume wangu. Roelof aliiona, na tabasamu la zamani likaanza kumjia upande mmoja wa mdomo.

"Hiyo? Hapana, shemeji. Harm mwenyewe hakuitaka hiyo."

"Aliitaka."

"Nilikuwepo, bwana. Aliirudisha ukutani mwenyewe."

"Daktari alimkataza kunyanyua. Tulikwenda kuinunua. Tulimcheka, Roelof. Wewe ulisema na mimi nikacheka. Nilikuwa najua, na nikacheka."

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo mdomoni likiwa halina kazi. Kisha akatazama chini, kwenye kokoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hakuniambia," akasema. "Mdogo wangu hakuniambia."

"Hapana. Hakukuambia."

Hillie alikuwa ameshika kitambaa cha meza chenye kahawa bila kukipeleka popote. Hakuna aliyekuja kunishika bega, na nilishukuru kwa hilo.

Reli haikukaa sawa. Ukingo wa kibebeo cha Harm ulikuwa umepinda kwa miaka, na ndoano ilishika upande mmoja tu. Nikapiga magoti kwenye kokoto, nikaikamata kwa mikono miwili.

"Njoo," nikasema.

Nilifikiri Roelof ataondoka, aingie ndani, afunge mlango, na sijui kama ningemlaumu. Kisha nikasikia betri inachomolewa na kuwekwa mezani kati ya vikombe. Baiskeli yake ina betri mbili; alichomoa ile kubwa, na ndogo ya akiba ikabaki kuendesha mota. Akaisukuma baiskeli mpaka mbele yangu, akaingiza gurudumu la kwanza kwenye reli.

"Umeshika?" akauliza.

"Nimeshika. Bonyeza."

Mota ikanguruma. Uzito ukaingia kwenye vidole vyangu, kokoto zikaingia kwenye magoti, baiskeli ikaanza kupanda. Roelof alitembea pembeni yake akiwa ameshika usukani tu. Juu ya kichwa changu nilikuwa nasikia pumzi yake, ikiingia na kutoka. Gurudumu la nyuma lilifika juu, likatulia mahali pake, na mimi niliendelea kuishika reli.