Maswali Niliyojibu Koridoni

Tangu mwanzo sikuiamini ile hospitali ya Milimani. Eti roboti imtoe mama mkwe wangu uvimbe wa kizazi, daktari amekaa kando kama mtu anayecheza gemu! Mama Nanyama aliingia akiona vizuri. Siku ya pili baada ya upasuaji alinyoosha mkono achukue uji, akakiangusha kikombe. Jicho la kushoto lilikuwa halioni.

Mke wangu Natasha, aliyebaki nyumbani kwetu Bahati na mtoto wa wiki mbili, alilia kwenye simu. Mimi nikapandwa na mori. Mbona daktari wa macho aliitwa haraka hivyo? Mbona walinong'ona? Nikamvamia Dakta Harun, aliyeiongoza ile roboti, ofisini.

"Mmemharibu mama macho na mnaficha!"

Hakukasirika, na hilo likanitia shaka zaidi. Alisema kwa saa nne mama alilazwa kichwa chini, miguu juu, ili matumbo yasogee roboti ipate nafasi. Mkao huo hupandisha presha ndani ya macho. Wengi hawadhuriki, ila mwenye glakoma, ugonjwa wa presha ya macho, yuko hatarini.

"Na mama ako na glakoma, Sitati. Daktari wa macho anajua Kibukusu, mama amemwambia anatumia dawa ya matone miaka tatu sasa. Tungejua, tungepanga hii operesheni vingine."

"Si mngeuliza!"

Akanigeuzia fomu ya maswali ya kabla ya upasuaji. Ugonjwa wa macho: hapana. Aliyejibu: Sitati, mkwe.

Nikaikumbuka siku ya kulazwa. Mama hajui Kiswahili, na nesi Chepkemei alikuwa ameniomba niingie nitafsiri. Kwetu mkwe haingii chumba alicholala mama mkwe, sembuse kumuuliza habari za hedhi. Nikabaki koridoni, nesi akanisomea maswali hapo mlangoni. Swali la kwanza lilikuwa la damu. Kwa aibu sikumuuliza hilo wala mengine. Niliyajibu yote mwenyewe, mbiombio, hapana, hapana, hapana.

"Jicho litarudi?"

"Yenye imeenda imeenda. Tutalinda yenye imebaki."

Nilikwenda wodini, na safari hii nikaingia hadi kitandani. Mama alipoitambua sauti yangu alijifunika shuka usoni, kwa heshima.

"Mwanangu," akasema kutoka humo ndani, "nasikia umeenda kunipigania. Umempata aliyenifanyia hivi?"

"Nimempata, mama," nikamwambia. "Ni mimi."