Kengele ya Probox

Ting! Ting! Ting!

Watu wa Kitengela walimsikia Leshan kabla ya kumwona. Gari yake nyeupe aina ya Probox ilikuwa ikisimama tu, mlango ukifunguka, kengele ya kumkumbusha ufunguo inaanza kulia kama mwalimu wa zamu. Leshan hakuipenda. Alijihesabu mtu wa kukumbusha wengine, si wa kukumbushwa.

"Hii gari inanigombeza mbele ya watu," alimwambia fundi wake, Wathome.

"Inakuambia umeacha ufunguo, bosi."

"Nani ameiuliza?"

Wathome akacheka, akafungua plastiki chini ya usukani na kuchomoa waya mmoja mwembamba. Kimya. Leshan akafungua mlango na kuufunga mara kumi, akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

Soipan, mchumba wake, hakutabasamu. "Leshan, siku moja utafungia ufunguo ndani."

"Mimi? Mwanaume haambiwi na gari."

"Na mimi je?"

Leshan akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi walifunga safari hadi Mashuuru, kwa baba yake Soipan, Mzee Sankale. Siku hiyo ndiyo mzee angesema kama anamkubali Leshan au la. Garini mlikuwa na mablanketi, sukari, na kondoo dume mnono aliyefungwa kwa fundo ambalo Leshan alisema halihitaji kukaguliwa. Vioo vyote vilikuwa juu kwa sababu ya vumbi.

Mzee aliwapokea langoni, wamama wa boma wakiwa wamesimama nyuma yake. Kijana hamwamkii mzee akiwa amekaa kwenye gari. Hushuka, akainamisha kichwa aguswe. Soipan alishuka upande wake, akafunga mlango. Leshan naye akazima injini, akaruka nje, akabamiza mlango kondoo asitoroke, akainama. Mzee akamgusa utosini.

Ndani, fundo lilikuwa limefunguka. Kondoo akaja mbele kutazama anayeamkiwa ni nani, akakanyaga kitufe cha kufunga milango yote. Kak!

"Haya, lete huyo kondoo tumwone," alisema Mzee Sankale.

Leshan akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kando ya usukani, redio ikiimba nyimbo za injili, na kondoo akihema kwa joto, ulimi nje.

"Gari za siku hizi si hulia ukiacha ufunguo?" mzee akauliza.

"Hii ilikuwa inalia, Baba," Soipan akajibu. "Akaipeleka kwa fundi ikanyamazishwa."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inanikumbusha mbele ya watu, mzee," Leshan alisema, macho chini.

"Na binti yangu akikukumbusha mbele ya watu, utampeleka kwa fundi gani?"

Leshan alikuwa ameandaa hotuba tangu Kitengela. Akaiacha hapo. Akaokota jiwe, akavunja kioo, akafungua mlango. Kondoo akatoka amejaa vipande vya kioo mgongoni, mzee akaishika kamba yake bila kuivuta, kama mtu ambaye bado hajaamua kumpokea. Leshan akazima redio, akachomoa ufunguo, akamwendea Soipan.

"Nitarudisha kengele," alinong'ona.

"Sema kwa sauti," mzee akasema. "Wamama kule nyuma hawajasikia." Na kamba akaivuta kidogo upande wake.

Leshan akapaza sauti. "Soipan, Jumatatu Wathome atarudisha ile kengele! Na wewe ukiniambia kitu, nitazima redio kwanza, nikusikize mpaka umalize. Hata mbele ya watu!"