Mkate wa Upepo wa Jumanne

Baba yangu aliitwa Breki, na jina lenyewe lilimuudhi. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye mitambo ya upepo, upepo ukivuma kwelikweli, yeye ndiye aliyepigiwa simu aisimamishe: umeme umezidi, nyaya hazibebi, funga. Siku kama hizo alirudi nyumbani amenuna, akapita sebuleni bila salamu. "Nimezima tena kitu kizima," alimwambia mama, na chakula kikapoa mbele yake.

Mdogo wangu wa kike alikulia kwenye mnuno huo. Ndiyo maana, nasema mimi, akawa mhandisi. Sasa kituo chake kinachukua ule umeme wa ziada na kuutumia kupasua maji. Hidrojeni inayotoka wanaiunganisha na hewa ukaa ya kiwanda cha bia, inakuwa gesi ileile ya kupikia, na inasukumwa kwenye mabomba yaliyolala chini ya mitaa yetu tangu zamani. Inakaa humo mpaka itakapohitajika. Nilipoelewa, mimi mwoka mikate nisiyejua fizikia wala nini, nilimvulia kofia.

Baba hakumvulia. "Upepo haufungiwi kwenye bomba," alisema. "Siku utakapooka mkate kwa upepo na huko nje hakuna upepo, niite."

Mdogo wangu alilichukua neno hilo kama lilivyo. Akatenga kipande cha bomba la mtaa wetu, akakijaza gesi ya kituo chake peke yake, akachagua tanuri langu, kisha akamwambia baba asubiri simu. Ijumaa asubuhi akampigia.

Mimi Ijumaa hiyo niliamka roho juu. Nilikuwa nimetundika aproni mlangoni ili nipime upepo, nayo ilining'inia tu, haitikisiki. Nikampigia mdogo wangu simu kwa hasira.

"Wewe, ahirisha! Upepo umekata. Unataka kuumbuka mbele ya mzee?"

Akacheka mpaka nikaona aibu kabla sijajua kosa langu. "Kaka, jamani! Siku tulivu ndiyo niliyokuwa naisubiri. Wewe kanda unga."

Baba alifika, akaitazama aproni, akavuta kiti mbele ya tanuri. Mdogo wangu alisimama nyuma yake huku akijiminya vidole. Nikawasha. Moto ulishika mara moja, wa bluu, umetulia. Nikaingiza mikate, na harufu ikajaa chumba kizima.

"Huu ni upepo wa lini?" baba akauliza, macho yake hayatoki kwenye moto.

"Wa Jumanne. Ule ulioezua mabati. Nyaya zilijaa mchana kutwa."

Baba aliikumbuka Jumanne. Alishinda dirishani akiusikiliza upepo, mstaafu asiyepigiwa simu na mtu.

"Mchana ule mimi ningefunga," alisema.

"Najua, baba. Sisi hatukufunga hata mtambo mmoja."

Nilimkatia kipande cha kwanza, cha moto bado. Hakukila. Aligeuka na kiti chake, akamnyooshea mdogo wangu.

"Kula kwanza wewe, mama," akasema. "Mimi upepo huu nimeuzima miaka yote."

Kisha akalia waziwazi, nami nikajitia natafuta kisu ambacho nilikuwa nimekishika mkononi.