Macho ya Mwalimu Déo

Haya nilisimuliwa na Perpétue, mpishi wa uji wa shule yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukichambua maharage, mwaka ule wa 2010 ugonjwa wa macho mekundu ulipozunguka nyumba kwa nyumba.

Mwalimu Déo alikuwa anatayarisha kwaya ya shule ikaimbe kanisani Nyamitanga, kule Mbarara. Waliowaalika walisema wazi: mwenye jicho jekundu haingii. Basi kila asubuhi Déo alisimama mlangoni na ndoo na sabuni, akiwafunua watoto kope kama mtu anayenunua mbuzi. Kupeana mikono akakataza kabisa.

"Hata mimi mupishi?" Perpétue akauliza.

"Hata weye, mama. Mikono ndiyo inabeba ugonjwa."

Papa Appolinaire alipoleta mtoto wake, akaficha mikono nyuma vizuri sana. Halafu yeye na Déo wakasalimiana kama kwetu Kivu: kichwa kwa kichwa, kushoto, kulia, katikati. Baba aliyefuata, vilevile. Juma zima.

"Mwalimu, Papa Appolinaire anatoka machozi tangu jana."

"Ni moshi ya jiko, mama. Na mikono hatukugusana!"

Jumamosi wakapanda lori, Déo mbele na dereva Latif, watoto nyuma na Perpétue na sufuria yake. Nyamitanga, langoni, nesi akawatazama watoto mmoja mmoja: wazima wote. Akafika kwa mwalimu, ambaye macho yake hakuna aliyewahi kuyakagua.

"Mwalimu, hiyo macho iko nyekundu kama nyanya. Wewe baki nje."

"Na batoto, nani atabaongoza?"

"Hiyo mimi sijui. Mimi ni wa macho."

Gisèle, mwenye sauti ya kwanza, akaanza kulia. Nesi akamfunua kope tena, kwa wasiwasi.

"Panda juu ya lori," Perpétue akamwambia Déo. "Fasi ile utaonekana."

Akapanda juu ya kabini, akaongoza kwaya iliyokuwa uwanjani, kupitia juu ya ukuta. Watoto waliimba wameinua nyuso juu, hata wageni wakadhani wanatazama mbinguni, mama mmoja akapiga magoti.

"Mwalimu, usiruke!" Latif akapaza sauti toka ndani. "Hiyo bati ni ya tajiri yangu!"

Wakati wa kurudi, Perpétue akamfunga Déo kitambaa usoni, akamketisha peke yake mkiani mwa lori.

"Mwalimu, tuliimba muzuri?" Gisèle akauliza toka mbali.

"Sikusikia kitu. Latif hakuzima moteri."

Watoto walicheka mpaka wakalala, wameegemeana. Perpétue naye akalala, akikumbatia sufuria. Déo alibaki akipiga mapigo ya wimbo gotini kwa kidole, polepole, mpaka kidole nacho kikalala.