Mita Mia Kutoka Kanisani

Mwaka ule kiwanda kilikuwa kimesahau kutulipa, nasi tulikuwa tumesahau ladha ya nyama. Gunia letu la mwisho la mahindi, mke wangu Alphonsine aliligeuza lote pombe ya kibuku ya kuuza kwenye uwanja wa maonyesho wa Likasi, ule tunaouita foire. Na kibuku hakingoji mtu: kisipouzwa leo, kesho ni cha kumwaga. Yaani chakula chote cha nyumba yetu kilikuwa ndani ya pipa moja.

Kibali tulikuwa nacho. Alitupatia Magloire, mkubwa wa ofisi ya vileo, ambaye serikali nayo ilikuwa imemsahau, akaishi kwa kile kifungu cha kumi na tano tunachokijua sote: jitafutie. Alitupigia muhuri kwa jogoo. Jogoo yule alikuwa anawika vizuri sana, lakini tuyaache.

Hatujauza hata kikombe, wakaja watu wanne na ngoma. Wakasimika vijiti viwili mbele yetu, wakatundika shuka jeupe, wakaanza kuimba haleluya. Kiongozi wao alikuwa Papy, ambaye hadi jana aliuza vipuri vya baiskeli sokoni. Leo ni mchungaji. Nyuma yao akatokea Magloire na karatasi ya sheria, ile wanayoiita règlement.

—Mama Alphonsine, règlement inasema pombe haiuzwake pembeni ya kanisa. Mita mia. Toa pipa yako.

—Kanisa gani, chefu? Jana hapa kulikuwa mbuzi!

—Leo iko kanisa. Ao munatoka, ao tunamwanga ile pombe.

Nikatazama huku na huku. Kila mama mwenye kibuku alikuwa ameletewa shuka lake na wacha Mungu wake. Kibanda kimoja tu kilikosa kanisa: kile cha bia za chupa, cha Georgette, shemeji yake Magloire. Nilitaka kumpiga Magloire, ila nilikuwa nimekonda mno.

Alphonsine hakugombana. Alinong'onezana na akina mama wenzake, akatoa rozari, wakaenda wote kupiga magoti mbele ya kibanda cha Georgette, wakaanza Salamu Maria kwa Kifaransa: "Je vous salue, Marie..." Wateja wakavua kofia, chupa mkononi.

Magloire akaja mbio.

—Mama, munafanya nini?

—Tunaomba, chefu. Hapa pia iko kanisa sasa. Mita mia.

Foire nzima ikacheka. Mkuki kwa nguruwe, bwana! Magloire akaziangalia zile chupa, akaiangalia karatasi, akaikunja. Mashuka yakateremshwa yote. Kufikia alasiri pipa letu lilikuwa tupu, na kikombe cha mwisho alikinywa mchungaji Papy, akidai haleluya zimemkausha koo.

Tukifunga mizigo, Magloire akatujia, mpole kama mkwe.

—Mama, foire ingine yenye kuya, ile kikundi yako ya rozari... tunaweza kusikilizana bei?

Mke wangu akajitwika pipa tupu, akashika njia.

Jioni ugali ulikuwa mezani na Jenny na wadogo zake wanangoja, naye akapiga magoti, akaanza rozari tangu mwanzo. Nikamwambia:

—Mama Jenny, si ulishaka kuomba leo?

Hakuinua kichwa.

—Ile haikukuwa kuomba, Papa Jenny. Ile ilikuwa règlement.