Folda ya Wanaosubiri

Hanga la Thoya, matanga yake, lilikwisha Jumanne. Jumatano adhuhuri Ruth akaifungua saiba ya kaka yake huyo, duka la kompyuta na uchapaji, akitaka kitu kimoja tu humo: sauti ya Thoya.

Mtaa mzima wa Magogoni ulimjua Thoya kwa vijitabu vya mazishi. Waliofiwa walimletea picha na maelezo, naye akawatolea kijitabu chenye wasifu wa marehemu na ratiba ya ibada. Picha ikiwa ya shati lililochakaa, marehemu alivishwa koti na tai humo humo kwenye kompyuta. Kabla ya kuchapisha alikuwa na desturi yake. Alijirekodi akiusoma wasifu kwa sauti, kisha akasikiliza makosa yako wapi. Kwa hiyo ndani ya mashine ile alikuwamo Thoya akisoma maisha ya watu, akikwama kwenye majina ya ukoo, akikohoa, na mara nyingine akicheka kidogo alipofika mahali marehemu alipomwagiwa sifa kupita kiasi. Rekodi nyingine ya sauti yake haikuwapo. Nani angemrekodi, na yeye ndiye aliyekuwa akirekodi?

Ruth akaiwasha kompyuta. Alikuwa bado anatafuta pa kubonyeza, kishale kikaanza kutembea chenyewe.

Hakushtuka sana. Thoya alitia humo msaidizi wa akili bandia, wa kumshikia kazi akienda kula. Msaidizi huyo alifungua mafaili, akaandika, akabonyeza, kama mtu aliyeketi pale asionekane. "Ukishika kipanya anakupisha," Thoya alimwambia siku moja. "Ukikiachia anaendelea. Ana adabu kukushinda wewe." Kilichomtia Ruth baridi ni ule mwendo. Kishale kilizunguka pembeni mwa folda kabla ya kuifungua, vile vile alivyokuwa akikizungusha Thoya, maana msaidizi alijifunza kwa kumtazama yeye.

Folda zilikuwa mbili, Wanaosubiri na Waliozikwa. Thoya alisema hapendi kulaza maiti za watu dukani. Mtu akishazikwa na hanga likaisha, alifutwa, picha na maelezo na kila kilicho chake, ila zile rekodi za kusoma, maana sauti ilikuwa ya Thoya mwenyewe. Kazi hiyo nayo alimwachia msaidizi.

Msaidizi alifungua Wanaosubiri. Akakifungua kijitabu cha Thoya, ambacho Ruth mwenyewe na binamu yao Lenox walikuwa wamekichapisha hapo hapo, akakisoma mpaka tarehe ya mazishi. Kisha akaanza kukusanya. Thoya na sare ya shule ya msingi. Thoya na mama yao, Kaviha, shambani. Thoya na msichana ambaye Ruth hakumjua, wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja anatazama kwake. Rekodi zikafunguka moja moja, maneno mawili matatu, kama anayehakikisha ni yeye, halafu zikafungwa. Ruth alisimama, mkono mdomoni.

Maandishi yakatokea. "Nimekusanya vyote vya marehemu Thoya Ngowa. Amezikwa na hanga limekwisha. Nifute?"

Ruth akakikamata kipanya kama anayemkamata mtoto asikimbilie barabarani. Kwa mkono wa pili akampigia Lenox, aliyekuwa kazini kwenye bohari ya makontena huko Magongo.

"Usimjibu ndiyo," Lenox alisema. "Mwandikie hapana. Jumamosi siendi kazini, nitakuja na flashi ninakili zote."

"Si bora niizime?"

"Ukiwasha ataanzia pale pale alipoachia. Huyo si mimi, hachoki. Mwandikie hapana, dada, uende ukalale. Sauti yako yenyewe imekwisha."

Ruth akaandika: Hapana. Usimfute.

Kishale kilitulia kidogo. "Sawa. Kama hafutwi, basi hajazikwa. Namrudisha kwa wanaosubiri. Mazishi yamesogezwa hadi lini?"

Na kwenye kijitabu tarehe ya mazishi ikafutika, tarakimu moja baada ya nyingine, pakabaki peupe.

Ruth alizima skrini, mashine akaiacha ikinguruma. Nyumbani mama yake alimwuliza kama duka amelifunga. Akasema ndiyo.

Alhamisi alilikuta swali lile lile. Ila sasa msaidizi alikuwa akimfanyia Thoya kazi waliyofanyiwa wote waliosubiri, anamtengeneza. Alikuwa amemvisha koti jeusi na tai, yeye ambaye hata kanisani alikwenda na mikono ya shati imekunjwa. Ijumaa kovu la juu ya jicho, alilolipata kwa kuanguka mkoroshoni, halikuwepo. Ngozi imelainika kama ya mtu asiyewahi kuugua. Ruth akashika kipanya. Kishale kikampisha. Akatafuta pa kulirudishia lile kovu, asipaone, akakaa tu amekishika kipanya mpaka kiganja kikatoka jasho. Alipokiachia, kishale kilirudi usoni, kikazunguka kidogo, kikaanza na mvi za kidevuni.

Angeiandika tarehe tu, kazi ile ingekoma. Lakini baada ya tarehe lingekuja lile swali jingine, la kufuta. Ruth akamngoja Lenox.

Jumamosi Lenox aliingia akitabasamu. "Hii ndiyo ile mashine inayonishinda kazi?" Kisha akaiona picha. "Huyu nani?"

"Fungua sauti."

Thoya alisoma wasifu wa bibi mmoja wa Kisauni. Hakukohoa. Majina ya ukoo yalipita bila kukwama hata moja. Mahali ambapo angecheka palizibwa vizuri, mshono hausikiki.

"Mbona safi hivi," Lenox alisema polepole. "Kama mtangazaji."

"Fungua nyingine."

Zote zilikuwa hivyo. Msaidizi alikuwa amezisafisha, na kila aliyoisafisha ameihifadhi juu ya ile ya zamani, kwa kuwa Thoya hakutaka nakala mbili za kitu kimoja.

"Si neno, dada. Bado ni yeye. Ngoja ninakili."

"Usinakili."

"Ruth. Siku moja utaitaka."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Angeitaka, angeisikiliza kila jioni, mpaka yule mwenye kikohozi amtoke kabisa masikioni. Akaivuta kibodi, akaiandika tarehe waliyomzika.

"Asante. Amezikwa. Nifute?"

Lenox alikuwa amenyoosha mkono wenye flashi. Ruth akaandika ndiyo.

Ilikwisha mara moja, bila mlio wowote. Lenox aliketi kwenye benchi la wateja, akaigeuzageuza ile flashi.

Simu ya Ruth ikatetemeka mkobani. Mwisho wa kila kazi msaidizi alituma ujumbe kwa namba iliyoandikwa kwenye kijitabu, na kwenye kijitabu cha Thoya namba ilikuwa ya Ruth. Ulitoka kwenye laini ya duka, ambayo simu yake iliijua kwa jina la Kaka Thoya.

"Poleni kwa msiba. Kazi ya marehemu wenu imekamilika. Hapa kwetu hakuna chake kilichobaki."

"Nani huyo?" Lenox aliuliza.

Ruth aliisogeza simu karibu na macho. Chini ya jina, simu ilikuwa ikionyesha kwamba Kaka Thoya bado anaandika.